Simu ya Lipa Mdogo Mdogo Inachungwa Kuliko Mashine ya Hospitali? Hivi Ndivyo Programu Inaweza Kubadilisha Hiyo Stori

Chukua simu ya lipa mdogo mdogo leo, halafu ukose kulipa siku kadhaa. Simu inajifunga yenyewe, uwe uko Kibokoni, Likoni ama umejificha ocha. Kampuni inajua simu ni gani, ilichukuliwa na nani na deni limebaki ngapi.

Sasa uliza kuhusu mashine ya oksijeni iliyonunuliwa na pesa za ushuru wako. Iko wadi gani? Ilifanyiwa sevisi lini? Waranti iliisha lini? Kwa hospitali nyingi za umma, majibu yako kwa daftari, daftari liko kwa kabati, na mwenye funguo hayuko.

Na hapo ndipo unaambiwa ile sentensi kila Mkenya anaijua: "Mashine imeharibika." Ukishaambiwa hivyo, mathe anabaki na njia mbili. Asubiri, ama familia ichange ganji aende private.

Kwani mashine ngapi hulala?

Mwaka wa 2011, watafiti wawili, Perry na Malkin, walichapisha hesabu ya vifaa 112,040 vya hospitali kutoka nchi 16. Walipata asilimia 38.3 havifanyi kazi. Hiyo ni karibu 4 kwa kila 10. Sababu kubwa zilikuwa tatu: mafunzo haba, usimamizi mbovu wa vifaa, na miundombinu kama stima.

Cheki vizuri. Shida si kukosa mashine peke yake. Mashine zipo, lakini hakuna anayezifuata.

Kenya tulijifunza kwa bei ghali

Februari 2015 serikali ilizindua mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, ule maarufu kama MES. Hospitali mbili kila kaunti, Mombasa ikiwemo, pamoja na nne za kitaifa. Jumla 98. Bei ilitajwa kuwa Sh38 bilioni kwa miaka 7. Kila kaunti ilikuwa inakatwa Sh95 milioni kwa mwaka mwanzoni, baadaye ikapanda hadi Sh200 milioni, bila kujali kaunti ni kubwa ama ndogo.

Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Fatuma Dullo ilipochunguza, ripoti yake ya 2020 ilikuwa moto. Kuna hospitali zilipelekewa mashine na hazina stima ya kutosha, ama maji, ama chumba, ama mtaalamu wa kuziendesha. Kuna kaunti zilipewa vitu ambavyo tayari zilikuwa navyo. Mashine zikalala, bili ikaendelea kusoma.

Sasa jiulize: kama kila hospitali ingekuwa na orodha safi ya vifaa vyake, nani angeletewa kitu ambacho tayari anacho?

Hiyo programu inafanyaje kazi?

Usiogope jina. Programu ya kusimamia vifaa ni kama daftari, ila hili linaongea. Inaenda hivi:

1. Kila kifaa kinapewa namba. Kuanzia inkubeta, mashine ya eksirei hadi ile ya kupima presha. Inabandikwa stika yenye msimbo wa QR. Nesi akiiskani na simu, anaona jina, namba ya kiwandani, bei, nani aliuza, waranti inaisha lini na kinafaa kuwa wadi gani.

2. Inakumbusha sevisi. Kama vile tuktuk inataka oili kabla injini kuungua, mashine ya hospitali iko na ratiba yake. Programu inamtumia fundi ujumbe kabla siku kufika. Isipofanywa, inabaki nyekundu kwa skrini na bosi anaona.

3. Inaandika kila ugonjwa wa mashine. Iliharibika saa ngapi, nani aliripoti, fundi alifika lini, spea gani ilibadilishwa, gharama ngapi. Mashine ikitengenezwa mara sita kwa mwaka, programu inakuonyesha kwamba ni rahisi kununua mpya.

4. Inafuata mashine ikihama. Wadi moja ikiazima kifaa cha wadi nyingine usiku, inaandikwa. Hospitali zenye pesa huweka hata vitambuzi vya redio, unaona kifaa kiko chumba gani saa hiyo hiyo.

5. Inasema lini kifaa kizikwe. Vyuma vikuukuu nyuma ya majengo haviwezi kutupwa ovyo, kwa sababu sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015 iko na utaratibu wake. Orodha safi inarahisisha hiyo kazi na inaziba mwanya wa "ilipotea tu".

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa miongozo ya haya mambo 2011. Ushauri wake wa kwanza ni rahisi sana: anza na orodha. Kama hospitali ni ndogo, hata faili ya Excel inatosha kuanzia.

Sisi wa Pwani tuko na kesi special

Unajua vile bati linaliwa na kutu Old Town? Hiyo hewa ya chumvi haichagui. Inaingia kwa mashine pia, inakula nyaya na viunganishi.

Chukua ile mashine ya kutengeneza oksijeni. Ndani ina chembechembe za madini ya zeolaiti, zinazoshika naitrojeni na kuacha oksijeni ipite. Unyevu ukiziingia, zinachoka. Mashine itaendelea kunguruma vizuri tu, taa imewaka, lakini oksijeni inayotoka imepungua nguvu. WHO inataka isishuke chini ya asilimia 82. Kwa macho huwezi kujua. Lazima mtu apime, na lazima kuwe na kitu cha kumkumbusha apime na asafishe chujio. Ratiba iliyoandikwa kwa mji baridi na mkavu haitoshi kisiwani.

Na hospitali kuu ya eneo hili ni Coast General, inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta. Mashine moja ikilala hapo, kuna msee wa Lamu amesafiri bure.

Si eti hatuwezi

Nenda Kilindini. Kila konteina ina herufi 4 na tarakimu 7, na hakuna mbili zinazofanana duniani. Bandari ilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa KWATOS 2008 kujua mzigo uko wapi. Konteina la mitumba liko na rekodi. Inkubeta ya mtoto wa kilo moja na nusu haifai kukosa.

Lakini tusidanganyane

Programu haishiki bisibisi. Kama hakuna fundi, hakuna spea na hakuna bajeti, utabaki na orodha nzuri ya mashine zilizokufa. Wafanyakazi wasipoiskani, inakuwa pambo la ofisini. Na kuna watu hawataitaka, kwa sababu daftari hupotea lakini rekodi ya kompyuta inaonyesha nani alibonyeza nini na saa ngapi.

Ndiyo maana kaunti ikinunua programu, uliza pia imeajiri mafundi wangapi wa vifaa tiba. Na kama wewe ni barobaro unatafuta kozi yenye kazi, hii kitu inasomewa KMTC na hata TUM pale Tudor. Mashine zinazidi kuja, na lazima mtu azitengeneze.

Wewe unaweza kufanya nini?

Kipengele cha 35 cha Katiba na sheria ya kupata habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuliza. Andika barua ama imeili kwa kaunti: hospitali fulani ina mashine ngapi za aina fulani, ngapi zinafanya kazi, na zilifanyiwa sevisi lini. Ofisi inafaa kujibu ndani ya siku 21. Wasikwambie ni siri ya mgonjwa, kwa sababu orodha ya mashine haina jina la mgonjwa yeyote.

Kwa hivyo siku nyingine ukiambiwa "mashine imeharibika", usiishie kuguna. Uliza kwa heshima: imeharibika tangu lini, iliripotiwa kwa nani, na fundi anakuja lini? Hospitali yenye rekodi itakujibu kwa dakika moja. Isiyo nayo, utajua pia.