Kusoma Ramani (3): Kontua, au Maji Yanavyojua Njia

Skeli na gridi tulizimaliza katika makala mbili zilizopita, na leo nilikusudia kuingia kwenye rangi na alama. Habari za mafuriko ya Mai Mahiu, Kenya, zimenigeuza njiani. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, upande wa Old Kijabe, yalibomoa njia na kuvishukia vijiji vilivyolala. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mwanzoni ilisemwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya Kenya ikaeleza kwamba kilichoziba ni handaki la kupitishia mto chini ya reli. Niliposikia hilo la pili, niliinuka kwenda kabatini kutoa ramani. Basi rangi zitangoja. Leo ni kontua.

Kontua ni mstari unaounganisha mahali pote penye kimo kimoja juu ya usawa wa bahari. Kwa ramani za Uingereza, bahari hiyo ni ya Newlyn, kule Cornwall, ambako maji yalipimwa kuanzia 1915 hadi 1921 na wastani wake ukafanywa sifuri. Ukitembea juu ya kontua hupandi wala hushuki. Hayo wanafunzi wetu huyakariri, huyaandika, hufaulu.

Jumamosi, sokoni hapa Lewisham, London, nilikutana na kijana wa Nakuru ambaye swali la ramani la kidato cha nne alilipatia vizuri, na bado anajivunia. Nikamuuliza mto Ravensbourne unaelekea upande gani. Akacheka. "Mzee, kwani hapa kuna mto?" Yuko hapa mwaka wa tatu, na kila asubuhi akienda stesheni anaupita.

Nikampandisha kilima cha Hilly Fields, tukatandaza kwenye benchi ramani ya Ordnance Survey ya 1:25,000. Ugumu wa mjini ni kwamba kontua, nyembamba na za rangi ya kahawia, zimefunikwa na mitaa, na jicho huvutwa na barabara. Nikamwambia asahau barabara, aweke kidole stesheni akipandishe taratibu kwa Lewisham Hill hadi Blackheath, ahesabu mistari. Kila mstari ni mita 5. Alipofika juu alikuwa amepanda mita 30 hivi kwa kidole, na akakumbuka kwa nini magoti humuuma akienda huko kwa baiskeli. Kisha nikamwonyesha herufi V. Kontua inapokata bonde, hujikunja, na ncha ya V huelekea chimbuko la mto. Inapozunguka mgongo wa kilima, ncha huelekea bondeni. Atakayechanganya hizi mbili atajenga nyumba ndani ya mkondo akidhani yuko juu ya mgongo. Kijana alizichanganya mara mbili.

Sasa wasomaji wangu wa zamani wanajua ninakokwenda, kwa sababu siwezi kutaja kontua nikaacha kumtaja Charles Hutton. Mtu huyu alizaliwa Newcastle mwaka 1737, akafanya kazi ya kuchimba makaa ya mawe kabla ya kuwa mwalimu, na mwaka 1773 akapata uprofesa wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, mwendo wa miguu tu kutoka Blackheath. Mwaka uliofuata Nevil Maskelyne, mnajimu mkuu wa Greenwich, alikwenda Scotland kwenye mlima Schiehallion. Alitaka kuona kama mlima unaweza kuivuta timazi pembeni, ili kutokana na mvuto huo akadirie uzito wa dunia nzima. Alikaa kwenye mvua na ukungu miezi kadhaa akitazama nyota. Husimuliwa kwamba siku ya kuagana kibanda chao kiliteketea, pamoja na fidla ya kijana aliyekuwa akiwapigia muziki, na Maskelyne akamtumia nyingine kutoka London.

Hesabu aliachiwa Hutton. Ili ajue ujazo wa mlima, ilimbidi apange maelfu ya vipimo vya vimo vilivyotapakaa karatasini kama mtama uliomwagika. Akachukua penseli, akaunganisha vimo vilivyolingana. Mlima ukajitokeza. Waholanzi walikuwa wameshachora mistari ya namna hiyo kwa vina vya mito, hilo nakubali, lakini kwa mlima heshima ni ya huyu mchimba makaa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1778. Sijaona kitabu chetu cha shule kinachomtaja. Tunawapa watoto mstari na tunawanyima aliyeuchora, halafu tunashangaa wakiuona mstari ni adhabu.

Lewisham yenyewe imelipa ada ya kutosoma kontua. Mito ya Quaggy na Ravensbourne hukutana karibu na stesheni, na V za pande zote zinaelekeza maji hapo. Mji ukajengwa hapo hapo. Septemba 1968 mito yote miwili ilifurika, katikati ya mji pakawa ziwa. Dawa iliyopendwa zamani hizo ilikuwa zege: nyoosha mto, ubane kwa kuta, maji yaende zake haraka. Yanakwenda, lakini kwa jirani wa chini. Wakazi walipopinga zege zaidi, Quaggy ilitolewa tena juu ya ardhi huko Sutcliffe Park, kazi iliyokamilika mwaka 2004, na bustani ikafanywa bakuli la kupokea mafuriko kabla hayajafika Lewisham. Aliyechagua mahali pa bakuli alijua kusoma kontua.

Nafasi inanibana, na Mai Mahiu ndiyo iliyoniinua kitini. Ramani za 1:50,000 za Afrika Mashariki nyingi zilitokana na idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1946 chini ya Martin Hotine, yule yule aliyebuni nguzo za zege za wapimaji zilizo juu ya vilima vya Uingereza. Picha zilipigwa kwa ndege. Karatasi zipo, na zimekuwapo muda mrefu kuliko nyumba nyingi zilizosombwa.

Ninayo moja ya upande wa Kijabe, imechakaa mikunjoni. Niliitandaza juu ya ile ya Lewisham. Kwenye ukuta wa Bonde la Ufa kontua zimesongamana hadi zinakaribia kuwa doa. Kijana aliinama, akatafuta V, safari hii bila kukosea, akashusha kidole kwenye korongo mpaka kikagusa mstari mweusi wa reli. Akakiacha hapo.

"Maji yangepita wapi?" akaniuliza.

Juma lijalo tutarudi kwenye alama, na tutaanza na ya tuta.