Maana na Matumizi ya Jina Vladimir

Msemaji wa Kiswahili aliyezoea majina kama Subira, Mashaka na Riziki hutazamia kwamba jina lolote litafasirika mara moja, kama neno jingine la lugha. Jina Vladimir humhadaa. Sehemu yake ya kwanza, vlad-, yatokana na mzizi wenye maana ya kutawala, na juu ya hilo hapana ubishi. Ubishi uko katika -mir. Neno mir katika Kirusi cha leo ni "amani" na pia ni "dunia". Kwa hiyo wako waliolifasiri jina hili "atawalaye kwa amani", na wengine "mtawala wa dunia". Fasiri zote mbili zapendeza, na zote ni za baadaye.

Maandishi ya kale ya Waslavi wa Mashariki yana umbo Volodiměr, ambalo irabu yake ya mwisho si ile ya mir. Wanaisimu huilinganisha sehemu hiyo na -mers ya Kigothi, yenye maana ya ukuu au sifa. Maana ya asili, basi, ni "mkuu katika utawala wake". Sauti zilipokaribiana, wasemaji wakasikia neno walilolijua. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya mwaka 1918, Kirusi kiliandika "amani" na "dunia" kwa herufi mbili mbalimbali, na jina hili likaandikwa kwa ile ya "dunia": tahajia ilikwisha kuchagua upande!

Vlad- nayo ni umbo la Waslavi wa Kusini, lililoenea kwa njia ya Kislavoni cha Kanisa. Umbo la Mashariki ni volod-. Kiukreni kimelihifadhi katika Volodymyr. Warusi huandika Vladimir, lakini nyumbani humwita mtu huyo huyo Volodya.

Mtawala wa Kyiv aliyebatizwa mwaka 988 alipewa jina la Kikristo, Vasili; hata hivyo, kwa kuwa alihesabiwa mtakatifu, jina lake la kipagani liliingia katika kalenda ya kanisa. Kyiv ilimsimamishia sanamu mwaka 1853, Moscow mwaka 2016, kila mji ukimwita kwa umbo lake. Kwa hiyo mfasiri wetu anayemwandika Volodymyr Zelenskyy, aliyechaguliwa kuwa rais wa Ukraini mwaka 2019, kwa umbo la "Vladimir", hajasahihisha tahajia. Amempa jina la Kirusi.