Damu Haigeuzwi kwa Limau

MFA maji, walinena wahenga, haachi kutapatapa. Mgonjwa aliyechoshwa na sindano na tembe za kila siku hukamata lolote analonyoshewa. Siku hizi ananyoshewa chupa ya maji yaitwayo ya alkali pamoja na orodha ya vyakula: vile vinavyodaiwa kutia damu asidi, kama nyama, mayai na ugali, na vile vinavyodaiwa kuiondoa, kama limau, tango na mboga za majani. Huambiwa kuwa maradhi yote, tangu kiungulia hadi saratani, huzaliwa na asidi katika damu. Abadili mlo tu, naye atapona.

Siwacheki wanaosadiki maneno hayo. Nadharia yenyewe ni nyepesi kueleweka, na ndani yake mna punje ya ukweli. Hata hivyo, punje moja haijazi ghala.

Wanasayansi hupima asidi kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini yake ni asidi na juu yake ni alkali. Damu ya mtu mwenye afya hukaa baina ya 7.35 na 7.45, usiku na mchana, awe amekula nyama choma au mchicha. Asidi ikizidi kidogo, kwanza huzimwa na bikaboneti iliyomo ndani ya damu yenyewe. Kisha mapafu huongeza kasi ya pumzi na kuitoa nje hewa ya kabonidioksidi, nazo figo huimwaga asidi iliyosalia kwa njia ya mkojo. Walinzi hawa hawalali, wala hawangojei limau.

Isitoshe, chochote tumezacho hutumbukia kwanza katika asidi kali ya tumbo. Maji yale ya bei ghali huipoteza alkali yake humo kabla hayajafika popote.

Basi punje ya ukweli iko wapi? Iko kwenye mkojo. Mla nyama nyingi mkojo wake huwa na asidi zaidi, na mla mboga na matunda huwa na asidi haba. Ndiyo maana wauzaji huwapa wateja karatasi za kupimia mkojo. Rangi ikibadilika, mteja huamini kuwa damu yake imetakasika, kumbe alichokiona ni figo zikitenda kazi yake. Huko ni kuipima nyumba kwa kulitazama jaa.

Lau alkali ingekuwa tiba, sisi Wakenya tungekuwa wa mwisho kuugua. Tangu zamani wapishi wetu wametia magadi katika maharagwe na mboga za kienyeji ili ziive upesi, na magadi ni alkali halisi. Hayajulikani kumponya mtu saratani. Yakizidi, huharibu vitamini C iliyomo mbogani, na sodiamu yake humdhuru mwenye shinikizo la damu.

Huko Marekani, imani hii imefikishwa mahakamani. Robert O. Young, mmoja wa waandishi wa kitabu The pH Miracle cha mwaka 2002, aliwapokea wagonjwa katika shamba lake California, akawatia bikaboneti mishipani. Mwaka 2016 alipatikana na hatia ya kutibu watu bila leseni ya udaktari, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo. Mwaka 2018 mahakama ya San Diego iliamua amlipe dola milioni 105 mwanamke aliyekuwa na saratani ya matiti, ambaye alisema alishauriwa kuacha tiba ya hospitali. Saratani yake ilikuwa imekwisha kuenea. Fedha, hata zikiwa nyingi vipi, haziurudishi wakati uliopotea.

Upo wakati ambapo damu huingia asidi kwelikweli. Mwenye kisukari akikosa insulini, mwili wake hushindwa kuitumia sukari, hugeukia mafuta, na mafuta hayo huzalisha asidi ziitwazo ketoni. Hapo mgonjwa hushikwa na kiu kali, hukojoa mara kwa mara, hutapika, huhema kwa nguvu, na pumzi yake huweza kunukia kama matunda yaliyoiva mno. Huyo hana muda wa kukamua malimau. Dawa yake ni insulini na maji ya mshipani, hospitalini, saa hiyo hiyo. Tazameni kinaya chake: aliyeacha insulini kwa kuiogopa asidi ndiye aliyeialika.

Mwenye figo dhaifu pia hurundikiwa asidi mwilini. Lakini akijishindilia ndizi na maji ya matunda bila kumuuliza daktari, potasiamu inaweza kupanda hadi ikausimamisha moyo wake.

Wasomaji wasinielewe vibaya. Sukuma wiki, kunde, mchicha na matunda ni vyakula bora kwa nyuzinyuzi, vitamini na madini yake, na wengi wetu twavila haba mno. Kupunguza chumvi, sukari na nyama nyingi ni hekima. Anayekushauri hivyo ni rafiki. Anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa ili chakula kitende kazi, huyo anauza kisichokuwapo, na wenye mamlaka ya kusimamia dawa na matangazo wangepaswa kumhoji kabla mochari haijamhoji.

Aliye na mgonjwa nyumbani na ampikie mboga vizuri, kisha ahakikishe kwamba dawa imemezwa na sindano imedungwa. Majuto ni mjukuu.