Uchambuzi wa Lipidi katika Kutofautisha Bakteria wa Kifua Kikuu

Mgonjwa kutoka Murukulazo, katika ukanda wa Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, anapotoa makohozi yapimwe kwa hadubini, kipimo anachofanyiwa ni kipimo cha lipidi, ingawa ni nadra kuitwa hivyo. Katika mbinu ya Ziehl-Neelsen, ya miaka ya 1880, rangi ya fuksini hupenyezwa kwa joto, kisha asidi huiondoa katika seli zote isipokuwa zenye ukuta wa nta. Viini vya nta hiyo ni asidi za mikoliki, zenye kaboni 60 hadi 90.

Hata hivyo, rangi hiyo haitofautishi Mycobacterium tuberculosis na Mycobacterium bovis, bakteria wa ng'ombe anayeweza kumfikia binadamu kupitia maziwa mabichi. Kwa jamii za wafugaji jambo hili si dogo: M. bovis kwa asili ni sugu kwa pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za mwanzo za kifua kikuu.

Uchambuzi wa kina huanza kwa kuwaua kwa joto bakteria waliooteshwa. Mbinu ya Folch (1957) na ile ya Bligh na Dyer (1959), zinazotumia klorofomu na methanoli, hutoa lipidi zilizo huru tu. Sehemu kubwa ya asidi za mikoliki imefungamana na sukari za ukuta, hivyo mabaki hayana budi kuchemshwa katika alkali. Asidi kali nayo huzifungua, lakini huharibu pete za siklopropani. Esta zake za methili hatimaye hutenganishwa juu ya bamba la silika.

Hapo ndipo watafiti wengi hukwama, kwa kuwa spishi zote mbili huonyesha aina zilezile: alfa, methoksi na keto. Tofauti imo katika dondoo la kwanza. M. bovis hutengeneza glikolipidi yenye fenoli iitwayo maikosaidi B. Aina nyingi za M. tuberculosis hazitengenezi glikolipidi ya namna hiyo kwa sababu jeni husika imevunjika. Baadhi ya aina za ukoo wa Beijing hutengeneza, ila yao ina sukari tatu badala ya moja, hivyo kielelezo cha kulinganishia ni lazima.

Aidha, M. bovis huota kwa shida penye gliseroli pekee. Maabara isiyoweka chombo cha piruveti humpoteza kabla ya tone la kwanza la klorofomu.