Kuku wa Bei Rahisi Aweza Kumaliza Banda Zima

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni hata Umoja, Kayole na Dandora, watu wengi hufuga kuku wachache nyuma ya nyumba. Watoto hupata mayai, na siku za karo kuku wawili watatu huuzwa. Ni kazi njema, na sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 inakubali ukulima na ufugaji mjini kwa masharti. Lakini iko hatari ambayo wengi hawaiangalii, nayo ni kuku mgeni anayeletwa nyumbani.

Maradhi ya kuku yanayoogopwa kuliko yote ni kideri. Yalitambuliwa Kenya kwanza mwaka 1935, na hata leo hayana dawa ya kuyaponya. Kuku huzubaa, hushusha mbawa, huhema kwa shida na kuharisha kijani. Wengine hupinda shingo. Banda lisilochanjwa laweza kufa karibu lote kwa siku chache. Tena, kuku aliyeambukizwa aghalabu huonekana mzima kwa siku 5 au 6, pengine hata 15, kabla ya kuonyesha dalili. Kwa hiyo kumtazama tu wakati wa kununua hakutoshi.

Tufanye hesabu. Mama mmoja ana kuku 12, na kila mmoja ni wa shilingi 800. Mali yake ni shilingi 9,600. Anataka jogoo, naye ampata mmoja anayepunguzwa bei kwa shilingi 200. Jogoo huyo akileta kideri, mama ameokoa shilingi 200 na kupoteza shilingi 9,600.

Je, kwa nini jogoo aliuzwa rahisi? Mara nyingine sababu ni hii: mfugaji akiona kuku wake wawili wamekufa, huharakisha kuwauza waliobaki. Hupata fedha kidogo, lakini maradhi huingia katika ploti nyingine, na kutoka huko huenda mbele. Baada ya majuma machache naye atatafuta kuku wapya kwa majirani wale wale.

MNUNUZI AFANYE HAYA

1. Anunue kuku wa kufuga kwa mfugaji ambaye banda lake aweza kuliona. Kuku wa sokoni, kama Burma au Kariokor, wametoka pengi na kuchanganyika. Hao wafaa kwa chungu, siyo kwa banda.

2. Aulize: Kuku hawa walichanjwa lini? Kuna aliyekufa mwezi huu? Jogoo ni ndugu wa matetea? Mwuzaji mwema hatakasirika.

3. Amshike kuku. Macho yawe maangavu, pua kavu, kifua kiwe na nyama, na manyoya chini ya mkia yawe safi. Afunue manyoya atazame chawa na utitiri.

4. Amtenge kuku mgeni siku 21. Ploti zetu ni ndogo, lakini tundu moja lililowekwa upande wa pili wa nyumba latosha. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hutengeneza matundu na vyombo vya maji. Mgeni awe na vyombo vyake, alishwe mwisho, na mlishaji anawe mikono na kubadili viatu.

MWUZAJI AFANYE HAYA

Asiuze kuku hata mmoja wakati kuna ugonjwa bandani. Apeleke habari kwa afisa wa mifugo wa sehemu yake, na waliokufa awachome au awafukie chini sana. Wasitupwe mtaroni wala kupewa mbwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na katika jambo hili kifo humfika jirani pia.

Awe na daftari. Aandike siku ya kutotolewa vifaranga, siku ya chanjo, na dawa waliyopewa. Mayai na nyama za kuku walio katika dawa zisiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Pia asimwuzie mtu mmoja jogoo na matetea wa mama mmoja, maana kizazi chao hudhoofika.

Wakati wa kuwasafirisha, kuku wawekwe katika tenga lenye hewa. Kuwaning'iniza miguu juu kwenye pikipiki ni kuwatesa, na iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

CHANJO NI KAZI YA PLOTI NZIMA

Dawa ya kuchanja kideri hutengenezwa hapa Kenya na taasisi ya KEVEVAPI. Wafugaji husema, "Chupa moja ni ya kuku 100, nami ninao 8." Jibu ni kushirikiana. Majirani wachague siku moja, wachange fedha, na wachanje kuku wote pamoja, kwa sababu chupa ikisha funguliwa haiwekwi kwa kesho. Dawa ichukuliwe katika chombo chenye barafu, isipigwe na jua. Njia nzuri ni tone moja katika jicho. Anayetaka kuitia katika maji ya kunywa ajue kwamba maji ya mfereji hutiwa klorini, nayo huiharibu dawa. Chanjo irudiwe kila miezi 3, na wapewe kuku wazima tu, kwani haimponyi aliyekwisha ugua.

Desemba inapokaribia, kuku wengi huja Nairobi kwa mabasi na malori kutoka Ukambani na Magharibi kwa ajili ya sikukuu. Yafaa chanjo ifanywe mwezi mmoja kabla, na asiletwe kuku mgeni bandani katika siku hizo. Jogoo wa kuzalisha atafutwe Januari, tena kwa jirani mwenye daftari, hata kama bei yake imezidi kidogo.