Rupia Inapozaa Udhia

Rupia iliacha kutumika Kenya na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Zanzibar mwaka 1936. Methali yake haikuachwa. "Penye udhia penyeza rupia," tunaambiana hadi leo mmoja wetu akikwama dirishani, ingawa kinachopenyezwa siku hizi ni shilingi, nayo huitwa chai, ya soda au kitu kidogo.

Wapo wachumi walioigeuza busara hii kuwa nadharia. Urasimu ukiwa mzito, walisema, hongo ni grisi: mfanyabiashara anatoa, gurudumu linazunguka. Mwaka 1999 Daniel Kaufmann na Shang-Jin Wei waliipima hoja hiyo kwa majibu ya kampuni za nchi nyingi, wakakuta kinyume chake. Kampuni zilizohonga zaidi ndizo ambazo wakubwa wao walipoteza muda mwingi zaidi na maofisa. Aliyewahi kukalia benchi la ofisi ya vibali hatashangaa. Methali inadhani udhia ulitangulia, rupia ikaja kuuondoa. Lakini afisa naye ana hesabu zake. Akishajua kuwa wewe ni mtoaji, faili lako litapungukiwa na muhuri kila mwaka.

Ushahidi wa karibu zaidi na sisi umetoka Uganda. Raymond Fisman na Jakob Svensson walichambua takwimu za kampuni za huko za miaka ya 1990. Katika makala yao ya mwaka 2007 walionyesha kwamba hongo ikiongezeka kwa kiasi cha asilimia moja ya mauzo, ukuaji wa kampuni hupungua kwa takriban pointi tatu za asilimia, athari ambayo ni kama mara tatu ya ile ya kodi. Shilingi si ni ileile? Ndiyo, ila kodi unaijua mapema, ina risiti, na unaiingiza kwenye bei ya bidhaa. Hongo haina kiwango, wala haimfungi afisa wa kesho. Aliyeipokea akihamishwa kituo, makubaliano yenu yamehama naye.

Svensson alikwishauliza swali jingine mwaka 2003, ambalo mimi naliona zito zaidi: nani hulipa, na kiasi gani? Jibu lilitegemea mambo mawili, uwezo wa kulipa na uwezo wa kukataa. Mfikirie mwoka mikate. Tanuri lake limejengewa sakafuni, mashine ya kukandia haina mnunuzi mwingine mtaani, wateja wake ni wa mtaa uleule. Akibanwa, hana pa kukimbilia, na anayembana analijua hilo. Jirani yake wa mitumba akibanwa hufunga marobota yake, kesho yuko soko jingine. Basi mtu mwenye akili na mtaji anajifunza kutoweka fedha zake katika kitu kisichobebeka. Nadhani hapa ndipo hasara kubwa ilipo, na kuihesabu ni kazi: ni tanuri ambalo halikujengwa.

Sidai kanuni zifutwe. Mkate uliokandwa kwa maji machafu ni hatari, na lazima awepo wa kuukagua. Tatizo ni idadi ya milango. Andrei Shleifer na Robert Vishny walieleza mwaka 1993 kwamba ofisi nyingi zinazojitegemea, kila moja ikiwa na kibali chake, huumiza kuliko moja yenye tamaa, kwa kuwa kila moja hukamua bila kujali kwamba jumla yao inamuua ng'ombe. Serikali ya Tanzania yenyewe, katika andiko lake la mwaka 2018 la kuboresha mazingira ya biashara, ilikiri kuwa majukumu ya mamlaka zake yanagongana. Mtengeneza chakula alikuwa mikononi mwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na TBS, shirika la viwango, kwa pamoja. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vikahamishiwa TBS, na TFDA ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mlango mmoja ukafungwa, ingawa OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, Zimamoto na bwana afya bado wana yao.

Lakini kibali kisicho na siku ya mwisho ya kutolewa kina bei yake, hata kikiwa kimoja tu. Tanuri limekwisha kujengwa, unga umenunuliwa, mkopo wa benki unahesabu riba. Mwoka mikate hawezi kungoja, na aliye upande wa pili wa dirisha anajua.