Bastola ya Plastiki Bado Ni ya Chuma

Mwaka 2013 jeshi la Uingereza lilianza kuistaafisha Browning Hi-Power, bastola ya chuma iliyoanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1935, na kuwapa askari wake Glock 17 kutoka Austria. Wengi waliuona uamuzi huo kuwa ushindi wa plastiki dhidi ya chuma. Maelezo hayo yanapotosha.

Risasi ya milimita 9 inapolipuka, shinikizo ndani ya chemba inamokaa risasi hupita bar 2,000, na kazi ya kulihimili bado imeachiwa chuma. Mtutu wa Glock ni chuma, na sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka ni chuma vilevile. Kilichogeuzwa plastiki ni kiunzi, yaani mpini pamoja na sehemu inayobeba kifyatulio. Ukiivua ile sehemu ya juu utaona vipande vinne vidogo vya chuma vimezamishwa katika plastiki. Juu ya vipande hivyo ndipo sehemu hiyo hutelezea. Kwa chuma chote hiki, hofu ya miaka ya 1980, kwamba bastola hii ingepenya viwanja vya ndege bila kuonekana kwenye eksirei, haikuwa na msingi.

Faida kubwa iko kiwandani. Kiunzi cha Browning ya asili kilichongwa hatua kwa hatua kutoka pande la chuma. Cha Glock humiminwa kwenye kalibu, na hakishiki kutu. Browning ina uzito wa gramu 900 hivi na magazini ya risasi 13. Glock tupu haifiki gramu 750, na hubeba risasi 17. Lakini uzito nao una kazi yake: hupunguza mrusho wa mkono. Kwenye uwanja wa shabaha, bado naipenda Browning.

Tofauti inayonishughulisha zaidi ni ya usalama, na haitokani na plastiki hata kidogo. Browning ina komeo la kufungwa kwa kidole gumba, na kwa kawaida haifyatuki magazini ikiwa imechomolewa. Glock 17 ya kawaida haina komeo hilo. Vizuizi vyake vitatu hujiachia vyenyewe kidole kinapovuta kifyatulio, kwa hiyo askari anaweza kuibeba ikiwa na risasi chembani na kuitumia papo hapo. Ila ukichomoa magazini huku risasi moja imebaki chembani, ukivuta kifyatulio itatoka. Na ili kuifungua kwa ajili ya kuisafisha, ni lazima kifyatulio kivutwe kwanza.

Askari aliyezoea Browning asikabidhiwe Glock kabla hajafundishwa upya mfuatano huu mpaka mkono uzoee: elekeza mtutu mahali salama, chomoa magazini, vuta sehemu ya juu hadi mwisho, tazama chemba, kisha ingiza kidole uguse kuhakikisha ni tupu. Gizani, kidole ndicho kitakachomwambia.